Kupima Kasi ya Kompaila kwa Sataranji

Mwanzoni mwa mchezo wa sataranji, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua: 16 za kete ndogo za mbele na 4 za farasi wake wawili. Mpinzani naye anazo 20. Hivyo baada ya hatua mbili pana njia 400. Baada ya tatu, 8,902. Baada ya nne, 197,281. Baada ya tano, 4,865,609. Na baada ya sita, 119,060,324. Hesabu hizi zimehakikishwa mara nyingi, nazo ndizo mizani ya jaribio hili.

Kompyuta haisomi maandishi ya lugha ya C moja kwa moja. Hufasiriwa kwanza kuwa amri za mashine na programu iitwayo kompaila. GCC na Clang ni kompaila mbili zitumiwazo sana. Programu ileile ikipitishwa katika kila moja hutoa amri zisizofanana, na mara nyingi kasi zisizofanana.

Mwanafunzi aandike programu ya kuhesabu njia za hatua sita, aifasiri kwa kompaila zote mbili, kisha aiendeshe katika mashine moja, mara tano kila upande, na kuchukua muda wa katikati. Maagizo apewayo kila kompaila kuhusu kuongeza kasi nayo yalingane. La sivyo atakuwa amepima maagizo, si kompaila.

Lakini kabla ya kutazama saa, atazame jibu. Likipungua hata njia moja, muda hauna maana, kwa kuwa kazi iliyofanywa si ileile. Kosa la kawaida hutokana na miraba 64 ya ubao kuwakilishwa na biti 64. Mwandishi akisahau, akasogeza namba 1 ya biti 32 kwa nafasi 40, kanuni za C haziweki matokeo yoyote, na kila kompaila yaweza kufanya lake. Ile “yenye kasi” huenda imeruka nusu ya ubao!

Tuseme sasa majibu yanalingana, na moja imeishinda nyingine kwa asilimia 20. Je, programu itacheza vizuri zaidi? Kidogo tu. Katikati ya mchezo hatua halali hukaribia 35. Njia ya kupogoa iitwayo alfa-beta, ambayo Knuth na Moore waliichambua mwaka 1975, ikifanya kazi kwa ukamilifu, hupunguza idadi hiyo hadi kipeuo chake cha pili, yaani 6 hivi. Kuona hatua moja mbele zaidi kwahitaji basi kasi mara sita, na hiyo haitoki katika kubadili kompaila.