Kumshika Mwanachama: Somo kutoka kwa Mafundi Umeme wa New York

Kila katibu wa chama cha msingi anamfahamu mwanachama wa msimu. Huonekana siku ya malipo, hutoweka siku ya mkutano mkuu, na akipata mnunuzi wa kando mwenye fedha taslimu, mazao yake hupitia njia ya panya. Katika rejista jina lake limo, kiingilio amelipa na hisa anayo. Lakini chama hakimo katika maisha yake. Somo la safari hii linahusu ugonjwa huo, ijapokuwa mfano wake umetoka mbali na wala si wa wakulima. Unawahusu mafundi umeme wa jiji la New York, nchini Marekani, waliokusanyika katika tawi liitwalo Local 3, yaani Tawi Namba 3, la chama cha wafanyakazi wa umeme kijulikanacho kwa kifupi kama IBEW. Tawi hilo limepata mafanikio makubwa na limepata pigo kubwa, na yote mawili yanastahili kuchunguzwa na mwanaushirika.

Chama kikuu kiliundwa katika mji wa St. Louis mwezi Novemba 1891. Wajumbe walikuwa 10 tu, nao waliwawakilisha wanachama 286. Wakati huo umeme ulikuwa jambo geni, na kazi ya kutandaza nyaya juu ya nguzo iliwaua vijana wengi. Henry Miller, rais wa kwanza wa chama hicho, alisafiri mji hadi mji akiwaandikisha mafundi huku akijipatia riziki kwa kazi ile ile ya nyaya. Mwaka 1896 alipigwa na umeme akiwa kazini mjini Washington, akaanguka na kufa. Hivyo kilichowafunga pamoja wanachama wa mwanzo kilikuwa ni hatari waliyoishiriki wote kila siku.

Lakini hatari peke yake haitoshi kukiweka chama kwa miaka mingi. Fundi umeme wa majengo ana shida yake maalumu: hana mwajiri mmoja. Leo yuko kwa mkandarasi huyu, jengo likikamilika anahamia kwa yule, na kati ya kazi mbili hukaa nyumbani kwa majuma kadhaa. Akizeeka hakuna kampuni inayomtambua kuwa mtumishi wake wa miaka 30, kwa sababu ameitumikia kampuni 40. Akiugua siku ambayo hana kazi, hana wa kumtazama. Mtu wa namna hii hukikimbilia chama akiwa na njaa na kukisahau akishiba, sawasawa na yule mwanachama wa msimu.

Shida hiyo ilikabiliwa kwa dhati katika miaka ya Harry Van Arsdale, aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa shughuli za Tawi Namba 3 mwaka 1933, wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi. Mwaka 1943 tawi na makandarasi wa umeme wa jiji waliunda bodi ya pamoja ya sekta yao, yenye wajumbe wa pande zote mbili. Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kila mkandarasi anayemwajiri mwanachama hulipa, mbali na mshahara, mchango katika mfuko wa bodi kulingana na kazi iliyofanywa. Mfuko huo ndio unaolipa malipo ya uzeeni, matibabu na haki nyinginezo. Fundi akihama kutoka kwa mkandarasi mmoja kwenda kwa mwingine, haki zake haziachwi nyuma. Zinamfuata yeye, kwa kuwa zimeandikwa kwa jina lake katika vitabu vya bodi na si katika vitabu vya mwajiri. Ni utaratibu wa uwekaji hesabu tu, lakini uliyabadilisha maisha ya watu. Makatibu wanaolalamika kwamba kuandika hesabu za kila mwanachama ni kazi ya kuchosha wangefaa kuutafakari: hesabu ya mtu mmoja mmoja, iliyo sahihi na inayoweza kuonyeshwa wakati wowote, ndiyo iliyomfanya fundi wa New York aamini kwamba chama ni chake.

Hatua iliyofuata ndiyo inayowagusa wanaushirika moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba zilikuwa adimu katika New York, na mafundi wengi, ambao kazi yao ilikuwa kutia umeme katika nyumba za wengine, hawakuwa na makazi ya heshima. Palikuwa na uwanja wa mchezo wa gofu katika eneo la Queens, mali ya klabu iitwayo Pomonok. Ardhi hiyo ilinunuliwa, na kuanzia mwaka 1949 yakajengwa hapo makazi ya ushirika yaliyopewa jina la Electchester. Ujenzi uliendelea kwa awamu hadi miaka ya 1960, na kila awamu iliandikishwa kama kampuni yake ya nyumba. Mwishowe palikuwa na majengo 38 yenye nyumba zipatazo 2,400.

Mpangaji wa Electchester si mpangaji hasa. Hununua hisa katika kampuni ya nyumba, na hisa hizo humpa haki ya kukaa katika nyumba fulani. Kila mwezi hulipa sehemu yake ya gharama: rehani, joto la wakati wa baridi, ukarabati, walinzi. Akiondoka, hisa haziuzi sokoni kwa bei aitakayo, bali hurudishiwa kwa kanuni iliyowekwa, na nyumba hupewa mwingine aliye katika orodha ya wanaosubiri. Utaratibu huo humnyima mtu faida ya ulanguzi, na wapo waliolalamika juu yake pindi bei za nyumba katika jiji zilipopanda. Hata hivyo ndio uliofanya nyumba hizo zibaki kwa miaka mingi katika uwezo wa mtu wa mshahara. Chama kinachowaruhusu wanachama wa kwanza kuuza mali ya pamoja kwa bei ya soko huwa kimewapa kizazi cha kwanza urithi wa vizazi vyote.

Basi angalia mahali alipofika fundi huyu. Ufundi wake aliupata katika mafunzo ya uanagenzi yanayoendeshwa na bodi ambayo chama chake kina nusu ya sauti. Akiugua, mfuko wa bodi unamtibu, akizeeka, unamlisha. Nyumba anamolala ni ya ushirika ulioanzishwa na chama, na jirani yake ni mwenzake wa kazini. Mtu kama huyo hahitaji kuhubiriwa ili ahudhurie mkutano. Amefungwa na chama kwa kamba nyingi, na hata moja ikikatika, nyingine zinamshika.

Sifa hizo zisimfanye msomaji asahau makosa. La kwanza lilihusu soko. Tawi lilikubaliana na makandarasi wa jiji kwamba wanunue vifaa vya umeme kutoka kwa viwanda vya New York vyenye mkataba na tawi tu, na viwanda hivyo navyo viwauzie makandarasi wa aina hiyo tu. Vifaa vya viwanda vya nje vikafungiwa mlango, ajira ya wanachama ikaongezeka, na bei ikapanda. Viwanda vingine viliuza kifaa kile kile kwa bei ndogo nje ya jiji na kwa bei kubwa ndani yake. Mwaka 1945 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Allen-Bradley na wenzake, iliamua kwamba chama cha wafanyakazi kinaweza kupigania maslahi yake chenyewe, lakini kikiungana na wafanyabiashara ili kuhodhi soko kinavunja sheria. Aliyekuwa akilipia mafanikio yale ni mnunuzi ambaye hakuwa na kiti katika mkutano wowote.

Kosa la pili lilihusu mlango wa chama. Kwa miaka mingi nafasi za uanagenzi katika ujenzi zilikwenda kwa watoto, wapwa na shemeji za waliomo. Kila mzazi angependa kumrithisha mwanawe kazi nzuri, na hapana ubaya katika moyo huo. Lakini matokeo yalikuwa kwamba Wamarekani weusi na watu wa asili ya Puerto Rico, waliokuwa wakiongezeka sana katika jiji hilo, walibaki nje. Mwezi Januari 1962 tawi liligoma na kupata juma la kazi la saa 25, yaani saa 5 kwa siku, kwa hoja kwamba kazi iliyopo igawanywe kwa watu wengi zaidi. Wapinzani walisema kuwa hiyo ilikuwa njia ya kuongeza malipo tu, na hawakukosea kabisa, kwa sababu mafundi waliendelea kufanya saa ya sita kwa malipo ya ziada. Lakini mapatano hayo yalifuatiwa na kuandikishwa kwa wanagenzi wapya wapatao 1,000, na miongoni mwao zaidi ya 200 walikuwa Wamarekani weusi na watu wa asili ya Puerto Rico. Idadi hiyo haikulingana na idadi ya watu hao mjini. Hata hivyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyowahi kutokea katika tawi hilo, na ilidhihirisha kwamba mlango haukuwa umefungwa na sheria ya maumbile. Uongozi ndio ulioufunga, na uongozi ndio ulioufungua. (Uongozi wenyewe, hata hivyo, haukutoka mbali na nyumba ile ile: Van Arsdale alifuatwa na mwanawe Thomas, na tangu mwaka 2006 mjukuu wake Christopher Erikson alishika wadhifa huo.)

Yaliyotangulia yanahusu mafundi wa majengo. Tawi Namba 3 lina makundi mengine pia, na moja wapo lilikuwa la mafundi wa nyaya za televisheni na intaneti walioajiriwa na kampuni moja. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilinunuliwa na Charter Communications. Mkataba wa wafanyakazi ulikuwa umekwisha muda wake tangu 2013. Katika mazungumzo, kampuni ilitaka kuacha kuchangia mifuko ya uzeeni na matibabu inayohusiana na chama, na mahali pake iweke mipango yake yenyewe. Mwenye kuifahamu historia iliyoelezwa hapo juu ataona kwamba shabaha ilikuwa zile kamba zenyewe. Tarehe 28 Machi 2017 mafundi wapatao 1,800 waligoma.

Sheria ya Marekani humruhusu mwajiri kuwaajiri watu wengine kwa kudumu katika nafasi za waliogoma kwa ajili ya maslahi. Na miezi 12 ikishapita tangu mgomo kuanza, waliopoteza nafasi zao kwa njia hiyo hawapigi tena kura ya kuamua kama chama kiendelee kuwawakilisha wafanyakazi mahali pale. Mafundi wa majengo walishika mlango wa kuingilia kazini, maana chama chao ndicho kilichowafunza na kuwapeleka kwa makandarasi. Mafundi wa nyaya hawakuwa na mlango huo. Walikuwa na mwajiri mmoja na mkataba mmoja, na mkataba ulikuwa umekwisha. Wengi walivumilia kwa miaka, wengine wakatafuta kazi kwingine. Mwezi Aprili 2022, baada ya miaka mitano, mgomo ulimalizwa bila mkataba mpya.

Hata hivyo baadhi ya waliogoma hawakurudi mikono mitupu. Ufundi ulikuwa bado mikononi mwao, na wakati wa ugonjwa wa korona, shule zilipofungwa, ilionekana wazi kwamba familia nyingi maskini za eneo la Bronx hazikuwa na intaneti ya kuwasomeshea watoto. Mwaka 2020 mafundi hao wakaanzisha People's Choice Communications, ushirika unaomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Waliweka antena juu ya mapaa ya majengo ya watu wa kipato cha chini, wakavuta nyaya hadi nyumbani, na kutoza ada ndogo kwa mwezi. Mwaka 2021 ushirika huo ulikuwa miongoni mwa waliochaguliwa katika mpango wa serikali ya jiji wa kueneza intaneti. Mwaka 2022 utawala mpya wa jiji uliuacha mpango huo na kuingia mkataba na makampuni makubwa, Charter ikiwa mojawapo. Ushirika mchanga uliokuwa ukitegemea zabuni ya serikali ukajikuta umepokonywa shamba kabla ya mavuno, na aliyepewa ni yule yule waliyemgomea.

Vikundi vya masomo katika vyama vya msingi vinaweza kuanza mjadala kwa kuchukua rejista na kumtaja mwanachama mmoja aliyeingia mwaka uliopita. Je, ukiondoa malipo ya mazao, ni kitu gani kingine anachokipata kwa chama na ambacho mnunuzi wa kando hawezi kumpa? Hesabu yake binafsi inaweza kuonyeshwa leo akiitaka, au ni mpaka katibu arudi safari? Kisha watajwe vijana watatu wa kijijini ambao si watoto wa wanachama, na ielezwe bayana kila mmoja afuate hatua gani ili aandikishwe, alipe nini, na nani mwenye mamlaka ya kumkatalia.