WAYA WA UDONGO NA CHAJA YA GARI YA UMEME



Sisi wa darasa la sita tumechagua somo hili kwa sababu ya ulizo moja lililoulizwa katika saa ya fizike: ile waya ya rangi ya kijani na manjano iko na kazi gani, wakati taa inawaka hata bila yake? Mafundi wengi wanaikata, wanasema ni waya ya bure. Tumeona afadhali kulijibu ulizo hili kwa kuchukua mashine inayodai waya hiyo kuliko zote, ndiyo chaja ya gari ya umeme.

Mutu atasema: hapa Kabambare gari hizo ziko wapi? Kweli, sisi wenyewe hatujaziona barabarani kwetu. Lakini haziko mbali sana. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitengeneza gari ya umeme iliyoitwa Kiira EV. Mwaka 2019 Volkswagen na Siemens walianza jaribio la gari za umeme pale Kigali. Pikipiki ya umeme nayo inaweza kufika kwetu mbele ya gari. Tena sheria ya waya huu ni moja kwa kila chuma kinachoguswa na mukono, iwe gari, friji, ao mikro ya kwaya.

1. Kazi ya waya wa udongo

Katika prizi yetu muna njia mbili za umeme: fazi inayoleta na netre inayorudisha. Waya wa tatu hauchukui kitu siku zote. Unafunga chuma cha nje cha mashine pamoja na fimbo ya shaba, ao ya chuma iliyopakwa shaba, iliyopigwa ndani ya udongo. Katika prizi nyingi za kwetu munaona kidole cha chuma kinachotoka nje: ndicho chake.

Siku ambayo ngozi ya waya wa fazi imechubuka na kugusa chuma, chuma kile chote kinakuwa fazi. Kama waya wa udongo hauko, umeme unangoja. Unangoja mutu aje kugusa, naye ndiye atakuwa waya wa tatu.

2. Hesabu yake

Tutumie sheria ya Ohm: ampere ni volti kugawanya kwa omu. Mwili wa mutu mwenye miguu mitupu juu ya udongo wenye maji tuuhesabu kuwa omu 1 000. Volti 230 kugawanya kwa 1 000 ni ampere 0,23, maana yake miliampere 230. Kupita miliampere 30, kama umeme ukikawia mwilini, pumzi na moyo viko katika hatari. Taa ya wati 40 inakula karibu miliampere 174. Basi umeme unaoweza kuua mutu haupiti sana ule wa taa moja ndogo. Ndiyo maana dijonkta ya ampere 16 haiwezi kumuokoa: inalinda waya zisiungue, haimuoni mutu.

Sasa tupige fimbo yetu ndani ya udongo. Tuseme fimbo ya nyumba iko na omu 40, na fimbo ya kule umeme unakotoka iko na omu 20. Pamoja ni 60. Chuma kikipata fazi, 230 kugawanya kwa 60 ni ampere 3,8. Dijonkta ya 16 haistuki hata kidogo! Na chuma kinabaki na volti gani? 3,8 mara 40 ni karibu volti 153. Munaona, wapenzi: tuko na fimbo, tuko na waya, na hatari ingali palepale.

Kinachokosa ni diferansieli. Chombo hiki kinapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Kama ile ya miliampere 30 ikiona kwamba zaidi ya hizo hazikurudi kwa njia yake, inakata mbele ya sehemu tatu za kumi za sekunde moja kupita. Ampere 3,8 ni zaidi ya mara mia ya miliampere 30, kwa hiyo inakata mara moja, mbele mutu hajagusa. Waya wa udongo unaonyesha ubaya, diferansieli inafunga mulango. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi.

3. Kwa nini gari inadai zaidi

Kwanza, gari inasimama juu ya mipira. Chuma chake chote hakigusi udongo, lakini mutu anayefungua mulango wake anaugusa, mara nyingi inje, wakati wa mvua.

Pili, chaja ya ampere 32 kwa volti 230 inachukua wati 7 360, na inakaa hivyo saa nyingi, hata usiku kucha. Waya mwembamba na prizi iliyolegea vitapata moto. Kwa hiyo chaja inapewa waya wake peke yake, munene wa kufaa, na dijonkta yake.

Tatu, betri ya gari inajazwa na umeme unaokwenda upande mumoja tu. Kama umeme wa namna hiyo ukivuja kupita miliampere 6, unaweza kupofusha diferansieli ya kawaida, isione tena. Kwa sababu hii chaja ya nyumbani inaombwa iwe na chombo chake kinachokata kwa miliampere 6 za namna hiyo, ao fundi aweke diferansieli ya aina B.

4. Udanganyifu unaoua

Chaja nyingi za gari zinapima waya wa udongo mbele ya kuanza. Kama hauko, taa nyekundu inawaka na chaja inakataa. Mwenye gari anakasirika, anaita fundi. Fundi mubaya anafungua prizi, anaunga kipande kidogo cha waya kati ya netre na kidole cha udongo. Chaja inadanganyika, inaanza kufanya kazi. Kila mutu anafurahi, na fundi anapata feza yake.

Lakini tufikiri. Siku ambayo waya wa netre utakatika ao kulegea nyuma ya prizi ile, umeme uliopita ndani ya chaja unakosa njia ya kurudi. Utapita katika kile kipande cha waya, na chuma chote cha gari kitapata volti 230. Hata kama fundi aligeuza fazi na netre bila kujua, ni vilevile, na siku hiyohiyo. Chaja iliyokataa ilikuwa inasema kweli. Anayeifunga kinywa namna hii hakutengeneza kitu, ameficha tu.

5. Kwetu, kwa gurupu

Wengi wetu tunapata umeme kwa pano za jua na kwa gurupu. Katika gurupu nyingi ndogo netre haikufungwa na chuma wala na udongo. Hapo ubaya wa kwanza haumupigi mutu, kwa maana umeme hauna njia ya kurudi. Watu wanasema, "Gurupu yangu haina shida." Lakini ubaya wa pili ukitokea kwa waya mwingine, mutu anaweza kujikuta katikati ya zote mbili. Na diferansieli iliyowekwa katika nyumba ya namna hii haitaona ubaya wa kwanza, hata ikiwa mupya.

Dawa yake ni kazi ya fundi anayejua: asome kwanza kitabu cha mashine, kisha, kama mashine inakubali, afunge netre pamoja na chuma cha gurupu na fimbo ya udongo, pahali pamoja tu, karibu na gurupu, mbele ya diferansieli. Haifai hata kidogo kufanya kifungo hicho katika prizi, kama tulivyoonyesha pale juu.

6. Kupima si kubahatisha

Fimbo inapigwa mita 1,5 ao 2, lakini urefu si ushuhuda. Udongo wenye maji unapitisha umeme vizuri, muchanga na mawe makavu vinakataa. Fimbo iliyo nzuri katika mvua za mwezi wa 11 inaweza kuwa mbaya katika kiangazi cha mwezi wa 7. Basi tupime wakati wa kiangazi. Katika Ufaransa wanaomba isipite omu 100, katika Ubelgiji wanatafuta 30. Ikipita, wanaongeza fimbo ya pili mbali kidogo na ya kwanza na kuziunga pamoja. Kuhusu diferansieli, iko na kifungo kidogo cha kujaribu: tukibonyeze mara kwa mara. Isipokata, ibadilishwe.

Na kama mutu ameshikwa na umeme, usimushike. Zima gurupu ao kata umeme kwanza, kisha umusaidie.

Wenzetu, wengi kati yetu tutaitwa mafundi nyumbani kwa sababu tu tumesoma. Mujomba ataleta gurupu, jirani atafungua nyumba ya kuchaji simu, na wataita mutoto aliyemaliza masomo. Siku ile tusiseme "taa inawaka, kazi imekwisha." Taa inawaka hata katika nyumba itakayoua mutu. Tahadhari mbele ya hatari.

Maulizo ya kujijaribu

1. Fimbo ya nyumba iko na omu 80, ile ya kule umeme unakotoka iko na omu 20. Chuma kimepata fazi ya volti 230. Ampere ngapi zinapita? Volti ngapi ziko juu ya chuma? Dijonkta ya ampere 16 itakata? Na diferansieli ya miliampere 30?

2. Sababu gani mutu aliyevaa viatu vikavu vya mupira anaweza kugusa mashine mbaya asisikie kitu, na mutoto wake mwenye miguu mitupu akaumia?

3. Tafuteni prizi zote za shule zenye kidole cha udongo. Musifungue kitu. Muulize anayetunza umeme: waya wake unafika wapi?

Majibu yaletwe kwa mukubwa wa wanafunzi mbele ya siku ya Posho.