Mtafiti Kujihoji Mwenyewe

Katika utafiti wa sayansi, udanganyifu ulio mgumu kabisa kugundulika ni ule ambao mtu hujifanyia mwenyewe bila kukusudia. Mfano mmoja hupatikana katika maisha ya Charles Darwin (1809–1882), Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika.

Mwaka 1838 Darwin alizuru bonde la Glen Roy huko Scotland. Kwenye miteremko yake ipo mistari mitatu iliyo sambamba, yenye kimo cha mita 260, 325 na 350 hivi juu ya usawa wa bahari. Darwin alikwisha kuona Amerika ya Kusini fuo za kale zilizoinuka juu ya bahari. Basi mwaka 1839 akaandika kwamba mistari hiyo nayo ni fuo za bahari. Kombe za baharini hazikuonekana hapo, lakini jambo hilo halikumzuia. Mwaka 1840 Louis Agassiz wa Uswisi alieleza kwamba zamani barafu iliziba bonde, maji yakafanya ziwa, na mistari ni kingo za ziwa hilo. Darwin alishikilia rai yake kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1861 alipokiri kushindwa. Katika kumbukumbu za maisha yake, alizoanza kuziandika mwaka 1876, alitaja kosa hilo waziwazi pamoja na chanzo chake: aliamini maelezo yake kwa kuwa wakati ule hakujua mengine.

Yafaa ikumbukwe kwamba huyu ndiye aliyekuwa na desturi ya kuandika papo hapo kila jambo lililopingana na nadharia zake, maana aliona kuwa mambo ya namna hiyo husahaulika upesi kuliko yanayoafiki. Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe kina sura nzima ya matatizo ya nadharia yake mwenyewe.

Katika maabara ya shule kishawishi ni kile kile. Pendulamu yenye urefu wa mita 1 huchukua sekunde 40 hivi kubembea mara 20, kwenda na kurudi. Mwanafunzi apatapo 40, 38, 40, mara nyingi huifuta ile 38. Afadhali aikate kwa mstari mmoja, iendelee kusomeka, kisha ajihoji. Huenda alitamka “moja” palepale alipoiachia pendulamu, badala ya “sifuri”, na kwa hiyo alihesabu mara 19 tu. Mwalimu naye asimpunguzie alama kwa ajili ya namba hiyo iliyokatwa.