Pesa ya Afueni kwa Wakulima: Meseji Yako Pekee Haitoshi

Je, unakumbuka Mei 2020? Corona ilikuwa imebana kila mtu, na serikali ya Kenya ikatangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake kulikuwa na bilioni 3 za pembejeo, ziwafikie wakulima wadogo 200,000 kwa vocha za kielektroniki. Hebu piga hesabu: ni wastani wa shilingi 15,000 kwa kila mkulima.

Sasa swali. Kama wewe ni mkulima, ungejuaje kwamba pesa hizo zimefika shambani kweli? Ukipata meseji, unajua wewe umepata. Usipopata, unajua umekosa. Lakini meseji yako haikuambii lolote kuhusu wale wengine 199,999.

Somo kutoka Marekani

Mwaka huohuo, Marekani ilitoa mikopo kwa biashara ndogo, mashamba yakiwemo, ili ziendelee kulipa mishahara. Aliyetimiza masharti alisamehewa deni. Haraka ilikuwa nyingi, na maombi mengi yalifanywa mtandaoni.

Julai 2020 serikali ilichapisha majina, lakini ya waliopewa dola 150,000 kwenda juu pekee. Mashirika ya habari yalikuwa yameenda kortini, na Desemba majina yote yakatolewa.

Hapo ndipo mambo yakaanza kuonekana. Mei 2021, waandishi wa ProPublica walieleza walichopata walipolinganisha orodha hiyo na sajili za biashara: mikopo 378, jumla karibu dola milioni 7, yote kupitia mkopeshaji mmoja, kwa biashara ambazo hazikuwepo. Nyingi zilijiita mashamba. Mengine yalikuwa na anwani za nyumba za watu karibu na ufuo wa New Jersey, mahali watu huenda likizo, si kulima.

Gawanya hizo dola milioni 7 kwa 378. Ni kama dola 18,500 kwa kila mkopo. Yaani mikopo midogo kama hiyo isingeonekana kamwe kwenye ile orodha ya kwanza. Kilichofichua mashamba hewa ni kuchapishwa kwa majina yote, hata ya waliopata kidogo.

Wewe ufanye nini?

1. Hifadhi meseji yako. Usiifute. Tarehe, kiasi na namba ya muamala ndio ushahidi wako ukiambiwa ulilipwa zaidi ya ulichopata.

2. Uliza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ofisi ya umma inafaa kukujibu ndani ya siku 21. Uliza maswali mafupi: katika wadi yetu walilipwa wangapi? Kila mmoja alipata kiasi gani? Ni maduka gani ya pembejeo yalipokea vocha? Ukinyimwa jibu, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

3. Linda siri zako. Uwazi si kuanika kila kitu. Ili watu wakague orodha, jina, eneo na kiasi vinatosha. PIN yako haimhusu mtu yeyote, hata anayesema anatoka serikalini. Na ukiambiwa utume 200 "ya kuingiza jina kwenye orodha", huyo ni tapeli. Kata simu.

Kwa hivyo msimu ujao ukisikia kuna afueni ya wakulima, usiishie kuangalia simu yako tu. Nendeni kama kikundi, muulize orodha iko wapi. Jirani yako anajua kama lile shamba lililoandikwa hapo lipo au halipo.