Somo: Chombo Kikifungwa Silaha Hugeuka Kuwa Nini?



Katika somo hili tunazungumzia jambo linaloonekana kuwa mbali sana na maisha yetu ya Kasenga: namna majeshi yanavyofunga silaha za kupiga meli kwenye ndege. Hata hivyo jambo hili liliwahi kufanyika katika ziwa letu Tanganyika, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na swali linalotokana nalo linatugusa kila boti ya abiria inapoondoka Kalundu: chombo kikifungwa silaha, kinageuka kuwa nini machoni pa adui? Na watu waliomo ndani, hatari yao inakuwa ipi?

1. Kazi ya kufunga silaha kwenye ndege

Siku hizi kuna ndege za kivita zilizoundwa ili rada isizione kwa urahisi. Rada hutuma mawimbi hewani na kusubiri yarudi, kama sauti yako inavyorudi ukipiga kelele mbele ya mlima. Umbo la ndege hizo na mpako wake hutawanya mawimbi hayo au huyameza. Mojawapo ni F-35 ya Marekani.

Ukining'iniza kombora chini ya bawa la ndege kama hiyo, mawimbi hugonga kombora na kurudi, na ndege hujulikana. Kwa sababu hiyo kampuni ya Kongsberg ya Norway iliunda kombora la kupiga meli liitwalo JSM, lenye kutosha ndani ya tumbo la F-35A. Norway, Japani, Marekani na Australia zimeliagiza.

Kazi hiyo si ya siku moja. Wahandisi hupima uzito, joto na mtikisiko. Huhakikisha kwamba milango ya tumbo inafunguka ndege ikiwa kasi, na kwamba kombora linatoka bila kugonga ndege yenyewe. Huandika upya programu za kompyuta ili ndege na kombora vielewane. Kisha hujaribu tena na tena kwa miaka kadhaa.

Tushike hapa jambo la kwanza. Wataalamu hawa hawahesabu silaha kama mzigo mmoja ulioongezwa. Wanajua kwamba silaha inabadilisha chombo chote: mwendo wake, namna kinavyoonekana, na namna adui atakavyokitendea.

2. Yaliyotokea katika ziwa letu, 1914 hadi 1916

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walishika upande wa Kigoma na Wabelgiji walishika upande wetu wa Kongo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wajerumani waliiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakawa wenye nguvu ziwani.

Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wameagiza meli kubwa, Graf von Götzen, kutoka kiwanda cha Meyer huko Papenburg. Iliundwa mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Iliungwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa meli ya abiria na mizigo. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kuanza, nayo ikafungwa mizinga. Mmoja ulitoka kwenye manowari Königsberg, ambayo ilikuwa imezamishwa katika mlango wa mto Rufiji mwezi wa Julai 1915.

Waingereza nao walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka kwao hadi Afrika Kusini kwa bahari, kisha kwa reli hadi Katanga. Kutoka hapo zilikokotwa katika misitu na milima kwa injini za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya Waafrika, kisha zikasafirishwa kwa reli na kwa mto, mwishowe zikafika Kalemie, ambako wakati huo kuliitwa Lukuga. Boti hizo ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi cha Waingereza kikaizamisha Hedwig von Wissmann.

Ilibaki Götzen. Ndipo Wabelgiji walipoleta ndege nne aina ya Short, zenye kutua majini, walizopewa na Waingereza. Mawimbi ya ziwa kubwa yalikuwa makali mno kwa ndege hizo, basi waliweka kituo chao penye ziwa dogo la Tongwe karibu na Mtoa, kaskazini mwa Kalemie. Ugumu wa uzito ulikuwapo hata wakati huo. Mwaka 1915 huko Rufiji, joto la nchi zetu lilikuwa limezishinda baadhi ya ndege za Waingereza, zikawa haziwezi kuruka na mabomu yake. Hata hivyo mwezi wa Juni 1916 rubani Mbelgiji Aimé Behaeghe na wenzake walivuka ziwa, wakatupa mabomu juu ya Götzen katika bandari ya Kigoma.

Na sasa jambo la pili la kushika. Vitabu vya historia vinaeleza kwamba kufikia siku hizo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuondoa mzinga ule mkubwa ili utumike katika vita vya nchi kavu, na mahali pake wakaweka mfano wa mti. Ndege zilivuka ziwa zima kwenda kupiga meli iliyokuwa karibu haina silaha. Lakini sifa ya silaha ilikuwa imebaki juu yake. Kuifunga silaha ni kazi ya siku chache. Kuiondoa machoni pa adui ni kazi ngumu zaidi.

3. Meli ileile, bila mzinga

Mabomu yale hayakuizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokimbia Kigoma, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mwaka 1927 ilianza tena kusafiri kwa jina jipya: Liemba.

Wengi wetu tunaijua. Mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, watu wa huku na wa Fizi walivuka ziwa kukimbilia Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitumia Liemba kurudisha maelfu ya watu kutoka Kigoma hadi Uvira. Mwaka 2015, Warundi walipokwama ufukweni Kagunga, ni Liemba tena iliyowachukua hadi Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari moja.

Chuma ni kilekile, ziwa ni lilelile. Ilipokuwa na mzinga ilifuatwa na mabomu. Ilipokuwa haina mzinga ilibeba mama waliojifungua juzi, wazee, magodoro na masufuria.

4. Tunajifunza nini?

Ndege ya kivita huficha kombora tumboni, lakini haijifanyi kuwa kitu kingine. Ina alama za jeshi lake, na ndani yake hamna mama wala mtoto. Kinachotutia wasiwasi sisi ni kuficha kwa namna nyingine: bunduki chini ya magunia ya ndagala, sanduku la risasi kati ya mizigo ya abiria, wapiganaji waliovaa kiraia wakilala katika shule inayopokea waliohama. Hapo silaha haifichwi ndani ya chuma. Inafichwa nyuma ya watu.

Tuliyaona matunda yake. Kati ya 1994 na 1996, katika kambi za wakimbizi za mashariki ya nchi yetu, watu wenye silaha walichanganyika na familia. Vita vilipolipuka mwaka 1996 kambi zilishambuliwa, na wasio na hatia wengi walikufa.

Sheria inasema wazi. Protokali ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, inawataka wanaopigana watofautishe raia na askari. Inasema pia kwamba kuwapo kwa askari wachache kati ya raia hakuwaondolei raia hao haki ya kulindwa. Kwa hiyo anayeshambulia kambi au boti ya abiria hawezi kujitetea kwa kusema tu, "Mlikuwa na bunduki mbili." Nao Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2009, katika kifungu cha 9, unazitaka serikali zilinde hali ya kiraia ya mahali wanapokaa wakimbizi wa ndani, na kuzuia vikundi vyenye silaha visijipenyeze humo.

Sheria iko upande wetu. Lakini aliye mbali, mwenye darubini au ndege isiyo na rubani, haoni karatasi ya sheria. Anaona bunduki.

5. Mambo tunayopendekeza mkubaliane

Kwanza, mizigo ifunguliwe ufukweni. Mwenye boti, nahodha na wawakilishi wawili wa abiria, mmoja wao mama, wakague mizigo kabla ya kupakia. Iwe desturi ya kila safari na kwa kila mtu, ili asiwepo wa kusema kwamba kabila lake limeonewa.

Pili, mwenye silaha asafiri kwa chombo cha kijeshi. Akilazimisha kupanda, msishindane naye. Wazee wamwendee mkubwa wake kwa heshima na kumweleza hatari. Ikishindikana, abiria washuke kabla boti haijaondoka. Kuchelewa siku moja ni afadhali.

Tatu, habari za silaha zipimwe. Mkumbuke mzinga wa mti. Mtu akisema, "Kule kuna silaha," aulizwe: Nani ameiona kwa macho yake? Lini? Mahali gani? Habari ya uongo inaweza kuleta shambulio juu ya watu wasio na kitu. Lakini milio ikiwa karibu, okoeni watoto kwanza, maswali yatafuata.

Nne, kambini na katika familia zinazopokea wageni, anayejua penye silaha asitangaze majina mbele ya watu. Aende kwa siri kwa kiongozi anayeaminika au kwa wahudumu wa ulinzi wa raia.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika safari zetu za ziwani, ni mizigo gani ambayo huwa haifunguliwi? Kwa nini?
2. Ni nani katika mtaa wetu anayeweza kuongea na mkubwa wa askari bila kuogopwa na bila kudharauliwa?
3. Je, tumewahi kukimbia au kulaumiwa kwa sababu ya habari ya silaha ambayo haikuwa kweli? Tulifanya nini baadaye?
4. Vijana wetu wakiombwa kubeba "mzigo mdogo tu" kwa malipo, tumewafundisha kujibu nini?

Tunawaomba viongozi walisome somo hili kwa sauti penye wasiojua kusoma, na kutuletea majibu ya kikundi chenu. Boti ya abiria ibaki ya abiria, na kambi ibaki ya familia. Tunawatakia safari njema na amani.