Ndizi na Karafuu Katika Bia ya Ngano: Kazi ya Hamira, Pua na Ulimi

Katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani, majira ya joto huangukia kati ya Juni na Agosti. Wakati huo watu wazima hupenda kuketi bustanini, chini ya vivuli vya miti, wakinywa bia ya ngano iitwayo kwao Weissbier. Bia hiyo ina rangi ya manjano yenye ukungu na povu jingi jeupe. Mtu aionjaye kwa mara ya kwanza hudhani kwamba imetiwa ndizi mbivu na punje chache za karafuu. Kumbe hakikutiwa kimojawapo. Makala haya yanaeleza asili ya harufu hiyo, jinsi binadamu anavyoitambua, na kwa nini harufu ya tunda si ushahidi wa kilichomo katika kinywaji.

Malighafi na mfanyakazi asiyetajwa

Bia ya ngano hutengenezwa kwa kimea, hopsi, maji na hamira. Kwa desturi ya Ujerumani, angalau nusu ya kimea huwa cha ngano, na kinachosalia huwa cha shayiri. Hapo ndipo inapotofautiana na mbege ya Kilimanjaro, ambayo hutiwa ndizi za kweli pamoja na kimea cha ulezi.

Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, kwani watu wa zama hizo hawakujua kwamba ni kiumbe hai. Mwaka 1876 mwanasayansi Louis Pasteur wa Ufaransa alichapisha kitabu kuhusu bia, akieleza kazi ya viumbe vidogo katika uchachukaji. Mfanyakazi huyo aliyesahauliwa na amri ndiye mtengenezaji wa harufu ya ndizi na ya karafuu.

Harufu hutengenezwaje?

Hamira hula sukari ya kimea na kutoa alkoholi aina ya ethanoli pamoja na gesi ya kaboni dioksaidi. Sambamba na hizo hutoa kemikali nyingine kwa viasi vidogo sana. Mbili kati ya hizo zinatuhusu hapa.

Ya kwanza ni isoamili asetati, yenye fomula C7H14O2. Hii ni esta, na ni miongoni mwa kemikali zinazoipa ndizi mbivu harufu yake. Takriban miligramu moja tu katika lita ya bia hutosha kutambuliwa na pua. Hamira ikifanya kazi katika joto kubwa zaidi, kwa kawaida esta huongezeka.

Ya pili ni vinili gwayakoli, C9H10O2. Maganda ya nafaka yana asidi ya feruliki. Kimeng'enya cha hamira ya bia ya ngano huiondolea asidi hiyo molekuli ya kaboni dioksaidi, na kinachobaki hunukia kama karafuu. Karafuu za Unguja na Pemba hupata harufu yake hasa kutokana na yujenoli, C10H12O2. Molekuli hizi mbili zinafanana sana kwa umbo. Ndiyo sababu pua huziona kama ndugu.

Ulimi na pua

Ulimi hutambua ladha chache tu: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ile ya mchuzi wa nyama. Ladha ya "ndizi" haimo katika orodha hiyo. Mtu anapomeza, mvuke wa kinywaji hupanda nyuma ya kinywa hadi puani, na ubongo huunganisha habari za pua na za ulimi kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo, mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha, ilhali ulimi wake ni mzima.

Mvuke huo hupungua kinywaji kinapokuwa baridi sana. Hivyo waonjaji hawainywi bia ya ngano ikiwa karibu kuganda, bali katika nyuzi 8 za Selsiasi hivi.

Jaribio la darasani

Waonjaji wa viwandani hutumia njia ya vikombe vitatu. Wanafunzi wanaweza kuifuata kwa maji ya machungwa, bila pombe yoyote.

1. Gawa maji ya machungwa katika majagi mawili. Jagi moja liongezwe sukari kidogo.
2. Kila mwanafunzi apewe vikombe vitatu: viwili vya jagi moja, kimoja cha jagi jingine. Mpangilio ubadilishwe, naye asiujue.
3. Aonje na kutaja kikombe kilicho tofauti.

Anayebahatisha ana nafasi ya theluthi moja ya kupatia. Kati ya wanafunzi 12, wanne hutarajiwa kupatia kwa bahati tu. Wakipatia 8 au zaidi, bahati si maelezo ya kutosha, kwani jambo hilo hutokea kwa kubahatisha chini ya mara 2 katika 100.

Mipaka ya pua

Pua ni hodari, lakini haipimi kila kitu. Bia ya ngano huwa na alkoholi kiasi cha asilimia 5 ya ujazo. Bilauri ya nusu lita, basi, ina mililita 25 za ethanoli, yaani gramu 20 hivi. Harufu ya ndizi haipunguzi hata gramu moja, ingawa humfanya mnywaji akione kinywaji kuwa chepesi. Wala bia haifai kuwa dawa ya kiu ya jua kali, kwani alkoholi huuchochea mwili kutoa mkojo zaidi.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli, ambayo mtu hawezi kuitambua kwa kunusa pombe iliyochanganywa nayo. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, inayopofusha na kuua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walifariki nchini Kenya baada ya kunywa pombe yenye sumu hiyo. Usalama wa kinywaji huthibitishwa kwa vipimo vya maabara. Harufu nzuri haitoshi.

Maswali

1. Kwa nini bia isiyotiwa ndizi inaweza kunukia ndizi?
2. Linganisha fomula za vinili gwayakoli na yujenoli. Zinatofautiana kwa atomu zipi?
3. Wanafunzi 30 wakifanya jaribio la vikombe vitatu, wangapi hutarajiwa kupatia kwa bahati?