Jinsi Tulivyotengeneza Tela la Njia Mbovu

Wasomaji wengi mmekwisha kuona tela likivutwa nyuma ya gari, na pengine mmedhani ni kitu rahisi kutengeneza: sanduku, magurudumu mawili na chuma cha kuvutia. Nami nilidhani hivyo mpaka likizo ya Desemba iliyopita. Naandika habari hizi ili somo tulilolilipia sisi kwa magunia sita ya viazi, ninyi mlipate bure.

Nyumbani kwetu ni katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Shamba letu liko bondeni, na njia ya kupandia kijijini ni ya mawe na makorongo. Baba yangu mdogo ana Land Rover kuukuu, yenye nguvu lakini isiyo na nafasi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, wewe unasoma fizikia. Njoo tutengeneze tela." Nikaitika, "Naam, baba," kwa majivuno kidogo.

Kwanza ni magurudumu. Tela la njia mbovu lapasa kukanyaga pale pale linapokanyaga gari. Likiwa pana zaidi, litagonga mawe ambayo gari limeyakwepa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Bantam ya mji wa Butler, Marekani, ilitengeneza tela dogo la robo tani la kuvutwa na jeep, na magurudumu yake yalikuwa sawa na ya jeep. Hivyo gurudumu moja la akiba lilifaa kwa vyote viwili. Tukafuata mfano huo. Tulinunua ekseli ya nyuma ya Land Rover iliyokufa, tukachomoa shafti zake ili magurudumu yazunguke kwa wepesi, tukasafisha beringi na kutia grisi mpya, kisha tukaziba matundu kwa vibati ili vumbi lisiingie.

Pili ni fremu. Tulitumia mabomba ya mraba, na fundi wa kijijini akatuchomelea. Vyuma vya kuvutia vilikutana mbele kama herufi V, navyo tulivipitisha chini ya fremu mpaka nyuma ya ekseli. Visishikizwe kwenye ukingo wa mbele tu, maana nguvu zote zikikusanyika mahali pamoja, chuma hukatika hapo.

Tatu ni mahali pa kuweka ekseli, na hapa ndipo tulipokosea. Tuliiweka katikati kabisa ya sanduku. Tulipopakia viazi uani, niliweza kuinua mkono wa tela kwa kidole kimoja, nasi tukafurahi. Mdogo wangu akataka kupanda juu ya magunia. Mama akamkataza, akamshusha kwa mkono wake mwenyewe.

Tulipofika kwenye mlima mkali, mkono wa tela ukaanza kuinuka. Pini ya kufungia ikaruka, na tela likarudi nyuma mpaka korongoni. Magunia sita yalipasuka. Hakuna aliyesema neno. Sote tulimtazama yule mtoto.

Usiku ule nilifungua daftari langu la Kidato cha Pili, sura ya momenti. Tela na mzigo vilikuwa karibu kilo 500. Kutoka ekseli hadi pini palikuwa sentimita 225. Mahali tambarare uzito ulikuwa juu ya ekseli sawasawa, basi mkono haukulemewa. Lakini kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 50 juu ya ekseli. Mlimani, panapopanda mita 1 kwa kila mita 5, uzito husogea nyuma sehemu moja ya tano ya kimo hicho, yaani sentimita 10. Zidisha 500 kwa 10, ugawe kwa 225: mkono ulisukumwa juu kwa nguvu ya kilo 22 hivi.

Asubuhi tulisogeza ekseli nyuma sentimita 25. Sasa kutoka ekseli hadi pini ni sentimita 250, na mahali tambarare mkono hulemea chini kwa kilo 50, yaani sehemu ya kumi ya uzito wote. Katika mlima ule ule hubaki kilo 30, wala hauinuki tena. Tukatia na kipini cha kuzuia pini isiruke, pamoja na minyororo miwili iliyopishana chini ya mkono, ili kiungo kikiachia, tela lisiende zake. Magunia mazito tunayaweka chini na mbele kidogo ya ekseli. Na mtu hapandi, hata akiwa mdogo namna gani. Tela litakalotoka barabara kuu halina budi kuandikishwa na kuwa na taa za nyuma.

Hesabu ile nilikuwa nimeipata yote katika mtihani. Sikuikumbuka uani kwa sababu nilidhani ni ya darasani tu. Ninyi mkishika chuma au ubao, uchukueni na daftari.

Zoezi: Kama tungesogeza ekseli nyuma sentimita 8 tu badala ya 25, mkono ungelemea chini au ungeinuka katika mlima ule? Onyesha njia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne